Shangazi, nimewapa kazi yangu bure na bado wameikataa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Makorora hapa Tanga. Nina diploma ya teknolojia ya habari, na kwa sasa namsaidia mjomba kwenye duka lake la steshenari Ngamiani. Natoa kopi, nachapa barua za watu, natengeneza wasifu wa waomba kazi. Mjomba hakuwa na pesa ya kununua programu ya mauzo, kwa hiyo mwaka juzi nilimtafutia programu huria moja ya stoo na risiti, nikaiweka kwenye kompyuta ya dukani, na mpaka leo inamfaa.

Tatizo ni Kiswahili chake. Inaonekana mtu alianza kutafsiri akaachia njiani. Nusu ya maneno ni Kiingereza, na yaliyotafsiriwa mengine ni aibu. Ukiuza madaftari matano risiti inaandika “daftari 5 imeuzwa”. Ukiuza kitabu inaandika “kitabu 1 imeuzwa”. Saa nane mchana inaandika “saa 2:00 mchana”. Mzee mmoja aliisoma risiti yake kwa sauti mbele ya foleni, akaniuliza, “Binti, saa mbili mchana ndiyo saa ngapi?” Nilijisikia vibaya kana kwamba mimi ndiye niliyeiandika.

Mwezi wa sita nikaamua kuirekebisha, maana ndiyo maana ya programu huria: msimbo wake, yaani maandishi ya amri yanayoiendesha, uko wazi kwa kila mtu. Wiki tatu, kila usiku baada ya kufunga duka, kwa bando langu mwenyewe. Nikatafsiri maneno yote yaliyobaki, mia nne na kitu. Nikasahihisha ya zamani. Nikabadilisha sehemu inayoandika saa. Nilipoona faili zimekaa ovyo nikazipanga upya, na kwenye hesabu ya punguzo kulikuwa na kosa dogo, nalo nikalirekebisha. Katikati ya mwezi wa saba nikawatumia wenye mradi yote kwa pamoja, kama ombi moja la mabadiliko, nikaandika: “Nimeboresha Kiswahili na mambo mengine.”

Siku ya tisa mmoja wa watunzaji wa mradi, wale wanaoamua kipi kiingie kwenye programu, akajibu. Nakutafsiria alivyosema: “Asante kwa kazi hii. Ni kubwa mno kuikagua kwa mara moja, na majaribio matatu yanashindwa. Unaweza kuigawa? Pia tunahitaji mstari wa uthibitisho wako kwenye kila badiliko.” Basi. Wiki tatu za kukesha, jibu ni mistari minne. Huo uthibitisho ndio ulioniuma zaidi, ni kama ananiuliza nimeiba wapi. Sikumjibu. Mwezi wa nane ukakatika kimya, halafu siku moja nikakuta ombi langu limefungwa: “Limefungwa kwa kukosa shughuli kwa siku 30.”

Nililia, Shangazi. Mjomba aliposikia akasema hayo ndiyo malipo ya kuwafanyia Wazungu kazi bure, watu wenye pesa zao. Rafiki yangu anasema niipe akili mnemba igawe na kurekebisha kila kitu, niwarudishie ndani ya saa moja. Mimi moyo umegoma. Nafikiri wakiona jina la Mwafrika hawasomi. Lakini kila risiti inayotoka na “daftari 5 imeuzwa” inanikera upya. Nirudi, au niachane nao?

Binti wa Makorora, Tanga


Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa na kalamu mkononi. Nimepigia mstari neno moja tu: “Sikumjibu.”

Turudi nyuma kidogo. Mtunzaji alikushukuru, akakueleza kwa nini hawezi kuipokea kazi ilivyo, akakuomba uigawe. Ukaumia, ukanyamaza. Siku thelathini zikapita bila neno kutoka kwako, ombi likafungwa. Maneno ya kufungia uliyoninukulia hayana mkono wa mtu. Miradi mingi imeweka roboti inayopita na kufunga maombi yaliyokaa muda mrefu bila kuguswa. Roboti hiyo haijui Makorora iko wapi. Na ombi lililofungwa hivyo, mara nyingi hufunguliwa ukiomba. Kwa hiyo hawajakukataa. Walikuuliza swali, wakasubiri.

Sisemi hivi kukulaumu, kwa sababu maumivu hayo nayajua. Mara yangu ya kwanza kuchangia mradi huria nilituma tafsiri ya kurasa nyingi za mwongozo, nikarudishiwa na maoni zaidi ya thelathini, mengine juu ya koma na nafasi tupu mwishoni mwa mstari. Nilifunga kompyuta, nikaenda Raskazone, nikakaa ufukweni mpaka magharibi. Wiki nzima sikuwajibu. Wiki hiyo ninaijutia mpaka leo, kwa sababu niliposoma tena nimetulia, niliona kwamba mtu yule alikaa jioni yake yote na kazi yangu, mstari kwa mstari. Asiyekujali haandiki maoni thelathini.

Juu ya jina lako. Ubaguzi upo, siwezi kukwambia haupo. Mtu akikutukana au akikudharau, miradi mingi ina kanuni za mwenendo na anwani ya kupeleka malalamiko, zitumie. Wasipochukua hatua, ondoka, miradi ni mingi. Lakini katika jibu ulilonitafsiria mimi ubaguzi sijauona. Nimeona asante, sababu, na ombi.

Sasa kwa nini kazi nzuri ya wiki tatu imrudishe nyuma mtu badala ya kumfurahisha? Babu yangu alikuwa fundi wa mashua Pangani. Kijana akija kujifunza kwake hapewi msumeno. Anaanza kwa kusokota pamba na kuichovya kwenye mafuta. Baada ya muda anapewa mshono mmoja, kati ya mbao mbili, aukalafati, yaani auzibe kwa pamba hiyo. Akimaliza, babu anapiga magoti mchangani na kupitisha kidole gumba juu ya mshono wote, polepole, kutoka omo hadi tezi. Panapobonyea anachokonoa pamba itoke, na kijana anaanza upya. Nimemwona akifanya hivyo mara tatu kwa mshono mmoja, bila kufoka. Fikiria kijana huyo aje asubuhi aseme, “Babu, usiku nimekalafati chombo kizima, na mlingoti nimeuhamisha.” Babu asingefurahi, hata kama kila mshono ungekuwa sawa, maana angelazimika kukipitia chombo chote kwa kidole kabla ya kukishusha majini. Kikija kuzama karibu na kisiwa cha Maziwe, hatafutwi kijana. Anatafutwa fundi.

Mtunzaji wa programu yuko papo hapo. Mistari yako ikishapokelewa inakuwa mzigo wake. Wewe unaweza kupata kazi Dodoma usirudi tena kwenye mradi, lakini hitilafu ikijitokeza miaka mitatu baadaye, watu watamwandikia yeye. Na tangu Machi 2024 wamekuwa waangalifu zaidi. Kuna programu ndogo ya kubana faili iitwayo xz, imo ndani ya kompyuta nyingi zinazotumia Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta. Mtu aliyejiita Jia Tan aliichangia kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akawa mmoja wa watunzaji, kisha akaficha humo mlango wa nyuma wa kuingilia kwenye seva za watu. Aliyemgundua ni mhandisi Andres Freund, aliyeona kwamba kuingia kwenye seva kunachelewa kwa kama nusu sekunde, akafuatilia kwa nini. Nusu sekunde, mwanangu. Ndiyo maana mgeni anayekuja na furushi kubwa lililoandikwa “na mambo mengine” anawatia hofu, na wana haki.

Ule mstari wa uthibitisho nao usiuogope. Kwenye miradi inayoutumia huandikwa na kila mchangiaji. Desturi hiyo ilianza kwenye mradi wa Linux mwaka 2004, wakati kulikuwa na ugomvi mahakamani juu ya nani mwenye msimbo upi. Ni jina lako na baruapepe yako, ukithibitisha kwamba kazi unayotoa una haki ya kuitoa. Git, programu ya kutunza mabadiliko ya msimbo, hukuandikia yenyewe ukiongeza -s kwenye amri ya kuhifadhi badiliko. Ila baruapepe hiyo itabaki hadharani miaka yote, kwa hiyo fungua nyingine kwa ajili ya kazi hii. Ungekuwa umeajiriwa na kampuni ningekwambia usome kwanza mkataba wako unasema nini juu ya msimbo unaouandika.

Tuje kwenye furushi lenyewe.

Anza na punguzo, peke yake. Hilo ni kosa ambalo mtu wa lugha yoyote ataliona. Andika bei uliyoingiza, asilimia ya punguzo, jibu ulilopata na jibu ulilotarajia. Weka marekebisho, na jaribio dogo, yaani msimbo mfupi unaoikagua programu wenyewe, la kuonyesha kwamba kosa halitarudi. Mistari michache ambayo mtunzaji anaweza kuimaliza akinywa chai. Likipokelewa hilo, jina lako si geni tena kwake.

Kisha tafsiri, bila kuchanganya na msimbo. Hapa ndipo wewe una kitu ambacho wao hawana, na ndipo ninapotaka uwe makini kuliko pote, kwa sababu mtunzaji asiyejua Kiswahili hawezi kukukagua. Atakuamini tu.

Tazama “daftari 5 imeuzwa”. Zana nyingi za tafsiri zinakupa nafasi mbili tu kwa Kiswahili, sentensi ya kitu kimoja na sentensi ya vitu vingi, basi. Kwa Kiingereza zinatosha. Sisi tuna ngeli. Kitabu kimeuzwa, daftari limeuzwa, mkasi umeuzwa, kalamu imeuzwa. Vikiwa vingi, vitabu vimeuzwa, madaftari yameuzwa, mikasi imeuzwa, kalamu zimeuzwa. Programu haijui ngeli ya bidhaa aliyoiandika mjomba kwenye stoo yake, na hakuna atakayeifundisha leo. Umesema ulisahihisha ya zamani. Kama uliandika “zimeuzwa”, umeiponya kalamu ukakiumiza kitabu. Dawa ni kutokiruhusu kitenzi kikutane na jina la bidhaa. Andika “Idadi iliyouzwa: 5”, jina la bidhaa likae pembeni. Idadi ni idadi, iwe ya mikasi au ya bahasha. Penye “imefutwa” andika “Ufutaji umekamilika”. Pitia maneno yote mia nne kwa jicho hilo, na kwenye maelezo ya ombi lako mweleze mtunzaji jambo hili kwa sentensi tatu na mifano miwili. Mtafsiri wa Kiganda au wa Kizulu atakutana na ukuta huohuo, na wewe utakuwa umeshamfungulia njia.

Tengeneza pia orodha ya istilahi kabla ya kutuma. Ni stoo au ghala? Ni chenji au salio? Ukishachagua, neno hilohilo mpaka mwisho. Huanzi kwenye jangwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na tangu hapo Watanzania na Wakenya wengi wameendelea kutafsiri programu huria. Angalia wenzako wameita nini kabla ya kubuni lako.

Saa, mimi ningeiweka kando kwanza. Wapo watakaotaka iandikwe “saa 8:00 mchana” kama tunavyosema, na wapo watakaosema risiti ikionyesha 8:00 itamchanganya mkaguzi wa hesabu. Wote wana hoja. Maoni yangu ni iandikwe 14:00 bila neno “saa”, na yule mzee ataigeuza kichwani kama anavyogeuza saa ya simu yake. Lakini usilete msimbo. Lete swali, wajadiliane, ndipo uandike kilichokubaliwa.

Kupanga faili upya, liache. Hukuombwa, na nahisi ndiko yalikovunjikia yale majaribio matatu. Kabla ya kutuma chochote, endesha majaribio yote kwenye kompyuta yako. Mwongozo wa wachangiaji utakwambia kwa amri ipi. Ukipakua mradi upya, ongeza --depth 1 kwenye amri ya Git ya kupakua ili upate hali ya sasa tu bila historia yote ya miaka, bando litakusalia. Ukishatuma, subiri wiki mbili, kumbusha mara moja kwa adabu. Mwezi wa saba na wa nane wengi wa Ulaya wako likizo.

Rafiki yako mkatalie. Mwaka 2024 miradi kama Gentoo na NetBSD, ya mifumo ya kuendesha kompyuta, ilizuia michango iliyoandikwa na akili mnemba, na mingine ina masharti yake, kwa hiyo soma kwanza mradi wako unasemaje. Kwa tafsiri ndiyo kabisa. Wewe umekua ukisikia Kiswahili cha Tanga sokoni na msikitini, halafu unataka mashine ikusaidie kusema kitabu kimeuzwa?

Mjomba wako ana hoja, nami sitaidharau. Ni kweli kwamba kampuni kubwa hujengea biashara zao juu ya kazi za watu wasiolipwa. Mwaka 2014 dunia ilishtuka kugundua tundu la hatari kwenye OpenSSL, programu iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya tovuti duniani, huku inatunzwa na watu wachache mno na michango kiduchu. Lakini hapohapo jibu la mjomba lipo. Huyo Mzungu mwenye pesa zake, yumkini naye ni mtu anayekaa na mradi huu usiku baada ya kazi yake, kama wewe. Na mjomba mwenyewe anauza kwa programu hiyo tangu mwaka juzi, hajailipia hata shilingi. Takwimu za vituo vyetu vya afya nchini hupita kwenye DHIS2, programu huria inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo mizizi yake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990. Ushahidi, programu huria ya kukusanya taarifa za wananchi kwenye ramani, ilizaliwa Kenya mwaka 2008. Mitaa ya Dar es Salaam inayofurika ilichorwa na wanafunzi na wakazi wenyewe kupitia Ramani Huria kuanzia 2015, na ramani hizo ziko wazi kwa yeyote. Hii si kazi ya Wazungu. Ni shamba la ujima, na sisi tumeshalima humo.

Pesa ipo, lakini haiji kwa mlango wa mbele. Outreachy, mpango wa kuwaingiza watu wapya kwenye programu huria, hulipa dola 7,000 kwa mafunzo ya kazi ya miezi mitatu, yakifanyika kwa mtandao, nao huwalenga watu wasio na uwakilishi wa kutosha kwenye fani hii. Kuingia lazima kwanza uchangie mradi na mchango wako uonekane. Google Summer of Code, mpango wa Google wa kuwalipa wachangiaji wapya wa programu huria, ipo tangu 2005, na tangu 2022 si lazima uwe mwanafunzi. Waombaji ni wengi, wengi hukosa, kwa hiyo duka la mjomba usiliache. Jiwekee jioni mbili kwa wiki, tatu zikizidi. Wiki tatu za kukesha ndizo zilizokufanya mistari minne ikuume kama kofi. Mtu aliyelala vizuri huisoma tofauti.

Leo usiguse msimbo. Fungua lile ombi la zamani, uandike tu hivi, kwa Kiingereza chako chochote:

“Samahani kwa ukimya wangu, na asante kwa maoni yako. Nitaigawa kazi hii. Nitaanza na kosa la punguzo peke yake, likiwa na jaribio na uthibitisho wangu. Baada ya hapo nitaleta tafsiri ya Kiswahili. Ombi hili la zamani libaki limefungwa.”

Mjomba nisalimie. Na siku risiti ya kwanza sahihi itakapotoka, kama yule mzee yumo kwenye foleni, mpe aisome kwa sauti.